Walutheri Ndio Walionipeleka Jumamosi

Kwetu Upare, siku ambayo familia yako hupumzika iliamuliwa na Mjerumani aliyewahi kupanda mlima wenu. Upande wa kaskazini waliwahi wamisionari wa Leipzig, wakafungua kituo Shigatini mwaka 1900, na watu wengi wa Usangi na Ugweno wakawa Walutheri. Kusini, mwaka 1903, wakaja Johannes Ehlers na A. C. Enns, Waadventista, wakajenga eneo la Giti mahali walipopaita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Wajukuu wa waliowapokea hao ndio Wasabato wa Upare wa leo. Mipaka haikunyooka, maana Walutheri wako pia kusini, Mbaga na Gonja, na ndiyo sababu katika wilaya moja ya Same kuna kengele za Jumamosi na kengele za Jumapili. Wamisionari wote hao walitoka nchi moja, wakalelewa kwa Biblia ileile aliyoitafsiri Luther, kisha wakatuachia ugomvi wa siku.

Ninaanza na historia hii kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wa pande zote mbili wakisema siku yao wameichagua. Wengi wetu tuliirithi pamoja na shamba la migomba. Mimi nilirithi Jumapili. Leo natunza Jumamosi, na nimeombwa mara nyingi kutoa ushuhuda wa jinsi nilivyovuka. Hauna ndoto wala sauti ya usiku. Nimekaa kwenye makambi ya Wasabato nikasikiliza shuhuda za watu waliotokewa na malaika akiwaonyesha kalenda, nami nimewaachia wenyewe na malaika wao. Wangu una vitabu tu, na makande.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti huko Usangi. Jumapili ya utoto wangu ilikuwa na kwaya, sare, mahubiri marefu, na baada ya ibada mnada nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, jogoo, trei la mayai, na wazee wawili wakipandishiana bei ya boga hadi linauzwa kwa fedha ya mbuzi huku watu wanacheka. Fedha zilikwenda kwenye bati la kanisa. Sikuwahi kujiuliza kama mnada ni biashara siku ya Bwana. Ilikuwa furaha, na mpaka leo nikiukumbuka sioni dhambi ndani yake.

Nilipokuwa mwalimu wa hesabu, usharika ulinikabidhi pia darasa la kipaimara, ambalo kwetu lilikuwa Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo amri ya kuitakasa Sabato niliifundisha kwa miaka siku ileile ambayo Wasabato wa jirani walikuwa wakipita na Biblia zao kwapani, nami sikuona kichekesho. Kwenye Katekisimu Ndogo amri hiyo ni ya tatu. Waadventista huihesabu ya nne, kwa sababu wanaitenga ile ya sanamu ijitegemee. Mwanzoni mwa ndoa yangu mimi na mume wangu tuliwahi kubishana jioni nzima, yeye akitetea ya nne na mimi ya tatu, tukidhani tunatofautiana.

Naam, niliolewa na Msabato, mtu wa Mamba, huko kusini. Kanisa lake halikutaka kutufungisha ndoa kwa kuwa mimi si muumini wao, wachungaji wangu nao hawakufurahi, tukafunga ndoa ya bomani na wazazi wa pande zote wakala pilau wamenuna. Watu walitegemea nimfuate, kama desturi ya mke kumfuata mume. Sikumfuata. Nilimwambia kwamba imani si jina la ukoo. Hakunilazimisha hata siku moja, na nadhani angenilazimisha ningekuwa Mlutheri hadi kaburini.

Ijumaa ya ukweni niliifahamu kwanza kwa uchovu. Mama mkwe alianza alfajiri: makande yapikwe yaive mapema, kuni zipasuliwe, maji yachotwe, nguo zipigwe pasi, viatu vya watoto vipangwe mlangoni. Wao huiita siku ya maandalio. Kijiji kiko mteremko wa mashariki, na jua la huko hujificha nyuma ya mlima mapema kuliko saa iliyoandikwa kwenye kalenda ya kanisa. Basi kila Ijumaa paliibuka mjadala uleule. Je, Sabato imeingia jua lilipokwenda nyuma ya mlima, au inangoja lizame kwelikweli huko kwenye nyika ya Wamasai ambako sisi hatulioni? Mama mkwe alifuata mlima. Baba mkwe alifuata kalenda, hasa kama alikuwa bado na magunia ya tangawizi ya kufunga.

Halafu kazi ilikoma. Hilo ndilo lililonishangaza, mimi niliyezoea Jumapili ambayo mama hutoka kanisani akaingia jikoni moja kwa moja na kufua jioni. Wimbo mmoja au miwili, sala, kisha watu wanakaa. Mama mkwe, ambaye siku nyingine sikumwona akikaa isipokuwa anachambua kitu, alikaa mikono mitupu. Kesho yake makande yalipashwa moto, tukala baada ya ibada, na madalali wa tangawizi waliokuja na lori Jumamosi walipewa chakula wakaambiwa warudi usiku. Mara nyingine hawakurudi.

Kwa miaka mingi nilipumzika Jumamosi kwa heshima ya wakwe na Jumapili kwa imani yangu. Baadaye nilisoma kwamba nilikuwa Mhabeshi bila kujua. Kanisa la Ethiopia lina siku hizo zote mbili tangu zamani. Katika karne ya 14 mtawa Ewostatewos aliitetea Jumamosi mpaka akaikimbia nchi, akafia Armenia, na wanafunzi wake wakatengwa. Mwaka 1450, kwenye mtaguso wa Debre Mitmaq, mfalme Zara Yaqob akaamua Sabato zote mbili ziheshimiwe. Na huo ulikuwa ugomvi wa Waafrika wenyewe juu ya siku, kabla ya Mwadventista yeyote kuzaliwa. Ningependa uhubiriwe zaidi kwetu kuliko unavyohubiriwa.

Wanachohubiri sana ni Konstantino. Kila mkutano wa hadhara niliohudhuria Same ulikuwa na usiku wake wa Konstantino: projekta, picha ya mfalme mwenye taji, na mhubiri akisema huyu ndiye aliyeibadili siku. Mume wangu alinialika, nikaenda na daftari. Tarehe ni kweli. Tarehe 7 Machi mwaka 321 Konstantino aliamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya Jua, akawaruhusu wakulima waendelee na mashamba yao. Lakini Justin, aliyeandika akiwa Roma katikati ya karne ya pili, tayari anaeleza jinsi Wakristo wanavyokutana siku hiyohiyo ya Jua, wakisoma maandiko ya mitume na manabii na kushiriki mkate. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya Konstantino. Mfalme aliikuta ibada ya Jumapili. Alichoongeza ni likizo ya serikali. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba kama hoja yenu ni hiyo, mimi nabaki. Akakubali kuwa nina haki. Hoja mbovu imewazuia watu wengi kuingia Jumamosi, na mimi ni mmojawao.

Kilichonitoa kilikuja kutoka upande ambao sikuutazamia. Nilimwendea mchungaji wangu kutafuta silaha za kuwajibu wakwe, naye akaniazima vitabu viwili vya kwetu: Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 na Katekisimu Kubwa ya Luther ya mwaka 1529. Akaniambia nisome ibara ya 28, iliyo juu ya mamlaka ya maaskofu. Niliisoma mara ya kwanza, nikarudi juu nikasoma tena. Haisemi kwamba Jumapili ndiyo Sabato. Inasema kinyume kabisa: anayedhani Kanisa lilikuwa na mamlaka ya kuiweka Jumapili mahali pa Sabato kama jambo la lazima anakosea. Kwa mujibu wa ibara hiyo Sabato imeondolewa na Maandiko yenyewe, na Jumapili ni utaratibu tu, ili watu wajue lini wakutane. Luther naye, katika Katekisimu Kubwa, anasema hakuna siku iliyo bora kuliko nyingine. Jumapili ibaki kwa kuwa imezoeleka na kuivuruga kungeleta fujo.

Mimi nilikuwa nimefundisha vijana kwamba Jumapili ni Sabato ya Kikristo. Kumbe fundisho hilo si la Luther; lina sura ya Ungamo la Westminster la mwaka 1647, la Wapresbiteri, linalosema siku ilihamishwa kutoka ya mwisho wa juma kwenda ya kwanza tangu ufufuo wa Kristo. Sasa mwalimu wa hesabu akaamka ndani yangu. Mmoja anasema Sabato imefutwa, mwingine anasema imehamishwa. Kitu kilichofutwa hakiwezi kuhamishwa. Wote wawili wanakwenda ibada siku moja, lakini kwa sababu zinazopingana, na sisi huku Upare tulichanganya zote mbili kwenye sufuria moja.

Nikaanza na ya kuhamishwa, kwa sababu ndiyo niliyoipenda. Nilitafuta amri. Niliupata ufufuo siku ya kwanza ya juma, jambo ambalo hakuna Mkristo analikana. Niliipata sadaka ya Wakorintho, ambayo Paulo anataka kila mtu aiweke akiba kwake siku hiyo. Niliupata mkutano wa Troa katika Matendo 20, wenye taa nyingi, na kijana Eutiko akisinzia dirishani na kuanguka kutoka orofa ya tatu. Kwa hesabu ya Kiyahudi, ambamo siku huanza jua likizama, usiku ule ungekuwa wa Jumamosi kwetu, na Paulo angekuwa amekesha akihubiri kisha Jumapili asubuhi akatembea kwa miguu hadi Aso. Wapo wanaosema Luka alihesabu kwa namna nyingine. Sawa, nawapa hilo. Hata nikiwapa, ninapata desturi nzuri ya kukutana. Amri ya kuihamisha Sabato siipati.

Basi Westminster ikaanguka, nikabaki na Augsburg, iliyo ngumu zaidi kwa sababu ni kweli kwamba mambo mengi ya Musa yameisha. Swali likawa: je, hili ni mojawapo? Mwanzo 2 inaitakasa siku ya saba kabla hajakuwapo Myahudi hata mmoja. Isaya 56 inawaahidi wageni, watu wa mataifa kama sisi, mahali katika nyumba ya Mungu wakiishika Sabato. Yesu anapogombana na Mafarisayo anagombana juu ya namna ya kuitunza, kwamba iliwekwa kwa faida ya mwanadamu na kwamba kuponya hakuivunji. Mtu anayekusudia kubomoa nyumba hahangaiki hivyo na kurekebisha mlango wake. Na katika Matendo 13, kule Antiokia ya Pisidia, watu wanaomba wahubiriwe maneno yaleyale Sabato inayofuata, wakiwamo watu wa mataifa, na juma la pili karibu mji mzima unakusanyika. Ilikuwa nafasi nzuri kwa Paulo kuwaambia wasingoje juma zima, waje kesho. Hakuwaambia.

Sitaficha aya iliyonichelewesha kuliko zote, Wakolosai 2:16, ambapo Paulo hataki mtu ahukumiwe kwa ajili ya sikukuu, mwandamo wa mwezi au sabato. Wahubiri wetu husema haraka kwamba hizo ni sabato za sherehe za Walawi 23, wakageuza ukurasa. Mimi naona mpangilio ule wa mwaka, mwezi na juma unafanana mno na ule wa Ezekieli 45, na hauondoki kirahisi hivyo. Ninachokiona ni kwamba Paulo anazungumzia kuhukumiana, na mazingira yake ni walimu waliokuwa wakiwatisha watu kwa vyakula na ibada ya malaika. Kuzuia hukumu hakufuti siku. Hata hivyo anayeisoma aya hiyo kama Luther simwiti mjinga, kwa kuwa niliisoma hivyo nusu ya maisha yangu.

Ninapenda pia kuwakumbusha wenzangu wa Jumapili kwamba Jumamosi haikufa mara moja kama wanavyodhani. Mtaguso wa Laodikia, katika karne ya nne, uliwakataza Wakristo kupumzika Sabato, ukawaagiza wafanye kazi siku hiyo. Hakuna anayeandika sheria ya kukataza jambo lisilofanyika. Katika karne iliyofuata mwanahistoria Sokrate wa Konstantinopoli anaandika kwamba karibu makanisa yote duniani yanaadhimisha meza ya Bwana siku ya Sabato, isipokuwa Aleksandria na Roma.

Kwamba ninahamia Jumamosi nilimwambia mume wangu ndani ya basi la Moshi, kelele zikiwa nyingi kiasi kwamba ilibidi nirudie. Hakushangilia. Aliniuliza, "Mwalimu, mimi nikifa utarudi Jumapili?" Nikamwambia kwamba kama ingekuwa kwa ajili yake ningehama mwaka wa kwanza, makande yakiwa bado mapya kwangu. Akacheka mpaka kondakta akageuka.

Nilibatizwa wakati wa makambi. Kuzamishwa kulinisumbua, kwa sababu nilishabatizwa na maji ya usharika nikiwa mchanga, mikononi mwa mama. Nilimwambia mchungaji wazi kwamba sitasema maji yale yalikuwa bure. Alifikiri kidogo, akasema hatanidai maneno hayo. Nikaingia majini.

Kwenda kumwambia baba kulikuwa kugumu zaidi. Alikuwa mzee, macho yamepungua nguvu, kitabu cha Mwimbieni Bwana mezani ingawa nyimbo zote alizijua kwa moyo. Alinisikiliza hadi mwisho, pamoja na ibara ya 28, ambayo aliijua kuliko mimi. "Ungamo lenyewe linasema hakuna siku ya lazima," akaniambia, "kwa hiyo siwezi kukugombeza kwa ajili ya siku. Ila usije ukawafundisha watoto wa kaka yako kwamba babu yao ana alama ya mnyama." Nikamwahidi.

Ahadi hiyo imenigharimu kanisani kwangu zaidi ya vile Jumamosi ilivyonigharimu kazini. Kazini nilipoteza masomo ya ziada ya Jumamosi na posho yake, na mkuu wa shule mmoja aliniuliza kama Mungu wangu hajui mitihani ya taifa iko karibu. Kikundi cha kuweka na kukopa kilikutana Jumamosi, nikatoka. Harusi zetu nyingi ni Jumamosi, kwa hiyo ndugu wananiona ukumbini giza limeshaingia, keki imekatwa. Hayo yote huzoeleka. Lakini ninapokaa katika Shule ya Sabato, mtu akiwasema watu wa Jumapili kana kwamba wameshapigwa alama ya mnyama wa Ufunuo kwenye paji la uso, huwa nasimama. Nawakumbusha kwamba hata mafundisho rasmi ya kanisa letu hayasemi kuwa anayeabudu Jumapili leo ana alama hiyo. Yanazungumzia jaribu la wakati ujao. Mzee mmoja wa kanisa huniita Mlutheri wa Jumamosi. Alikusudia kunikemea, mimi nimelipokea kama jina la heshima. Na baba alipokuwa hai nilikwenda naye kanisani Jumapili kila nilipofika Usangi, nikaimba sauti ya pili, nikanunua boga kwenye mnada.

Kuna jambo moja katika Katekisimu Kubwa ambalo halikuniacha hata baada ya kuuacha Ulutheri. Luther, kabla hajasema lolote juu ya ibada, anasema siku ya mapumziko ipo kwanza kwa haja ya mwili, kwa ajili ya watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima. Nikarudi kwenye amri yenyewe. Katika Kutoka sababu ni uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni utumwa wa Misri: wewe uliyekuwa mtumwa, mwache mtumishi wako apumzike kama wewe. Amri inaongea na mwenye nyumba. Sisi Wasabato ni hodari wa kuhesabu siku, na bado nimeona nyumba zetu ambako mama na baba wamevaa suti na gauni wakaenda kuitakasa siku ya saba, huku binti wa kazi amebaki anaosha vyombo vya Ijumaa.

Kwetu anatusaidia binti wa Rombo, Mkatoliki, haendi kokote Jumamosi bali Jumapili misa ya kwanza. Nikasema Jumamosi apumzike, maana yumo ndani ya malango yangu na amri imemtaja. Nikasema na Jumapili apumzike, maana ndiyo siku ya imani yake na mimi si Konstantino. Mshahara ubaki uleule. Mume wangu alichukua kalamu, akapiga hesabu ya siku tano za kazi, akasema hata Wahabeshi hawakufika huko. Nikampa Kumbukumbu la Torati. Jumamosi hiyo jioni, jua lilipozama kwa mujibu wa kalenda, siyo mlima, vyombo aliosha yeye.